Maduka ya vitu vya kale ya Hollywood Road, Hong Kong: cha kununua na cha kuacha

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaofuata bidhaa Guangzhou hujikuta na siku moja au mbili zisizo na kazi wakati mzigo unafungwa au malipo yanasubiriwa, na mara nyingi siku hizo huishia kwenye migahawa ya mtaa wa Xiaobei mjini humo. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya yule ambaye angependa kuzitumia kwa namna nyingine, yaani kuvuka kwenda Hong Kong na kuutembea mtaa wa Hollywood Road, ambao kwa miongo mingi umekuwa mojawapo ya masoko yanayojulikana sana kwa samani, kaure, sanamu na vyombo vya ibada vya kale kutoka China na nchi zinazoizunguka. Mimi ni mnunuzi mdogo, mtu anayenunulia sebule yake, si makumbusho, na maoni yangu nayatanguliza: samani za kawaida za mikoani zina thamani ya pesa zako; kaure ni mahali pazuri pa kujifunza lakini pabaya pa kuweka akiba; na vyombo vya makaburini pamoja na vya ibada ni bora uvitazame, uulize maswali, kisha uviache pale pale ulipovikuta.

Kufika hakuna shida. Treni ya kasi inayotoka stesheni ya kusini ya Guangzhou hadi West Kowloon, ambayo imekuwa ikivuka hadi Hong Kong tangu mwaka 2018, huchukua chini ya saa moja ikiwa ni zile zisizosimama sana njiani. Jambo la kuangalia ni viza, kwa sababu Hong Kong ina uhamiaji wake, na mtu mwenye viza ya China ya kuingia mara moja tu huwa ameimaliza pindi anapovuka. Wapo waliokwama upande wa pili huku mzigo wao ukiwasubiri ghalani. Ukishafika, shuka kituo cha Central au Sheung Wan. Kutoka Central unaweza kupandishwa na ngazi za umeme za kupanda mlimani, ambazo zimefanya kazi tangu mwaka 1993 na zinakadiriwa kuwa na urefu wa mita 800, nawe ukashukia juu ya mtaa wenyewe. Usiende asubuhi mapema, kwani maduka mengi hufunguliwa jua likiwa limeshapanda, na Jumapili baadhi hayafunguliwi kabisa.

Mtaa huu ulijengwa mwaka 1844, ukiwa miongoni mwa barabara za kwanza kabisa za koloni jipya la Waingereza, na wakati huo pwani ilikuwa karibu nao sana kuliko ilivyo leo, kabla bahari haijafukiwa. Mabaharia na wafanyabiashara walioshuka melini waliuza hapo vitu walivyovipata China bara, na hivyo ndivyo biashara ya vitu vya kale ilivyoota mizizi. Katikati ya mtaa lipo hekalu la Man Mo, la mwaka 1847, lililowekwa wakfu kwa mungu wa elimu ya maandishi na mungu wa vita, ambamo mizingo mikubwa ya ubani huning'inia kutoka darini ikiwaka polepole kwa siku nyingi. Nashauri kuingia humo kwanza kabla ya kuingia dukani. Mtu aliyeona meza ya sadaka ikiwa na majivu na mafuta ya mishumaa juu yake huitazama kwa jicho tofauti meza kama hiyo hiyo inapokuwa imesuguliwa, imepigwa nta na kuwekewa bei.

Chini kidogo ya hekalu, ukishuka ngazi za mawe, kuna uchochoro wa Upper Lascar Row ambao watu wengi huuita Cat Street. Jina lake rasmi limetokana na mabaharia wa Kihindi waliokuwa wakiishi hapo, na leo hii kuna vibanda vya mabati vyenye sanamu ndogo za Mao, beji, sarafu, saa mbovu, shanga za jedi na vyetezo vya shaba. Sitapoteza maneno mengi hapa. Ukichukulia kuwa kila kilichopo kwenye vibanda ni kipya, hutadanganyika, na utaweza kufurahia kupatana bei ya zawadi za nyumbani bila kinyongo. Maduka yaliyo nyuma ya vibanda ni habari nyingine, kwani baadhi yana mali ya kweli, na wenye maduka hayo huwa na muda wa mazungumzo zaidi kuliko wale wa mtaa wa juu wenye vioo vikubwa na kengele ya mlangoni.

Tuanze na kaure, kwa kuwa hapo msomaji wa Pwani huingia na faida ambayo huenda haijui. Aliyefika kwenye makaburi ya Kunduchi au Mambrui ameona nguzo zilizopambwa kwa bakuli za China, au angalau ameona matundu yaliyoachwa na bakuli hizo; aliyepita Gedi, Kilwa au jumba la makumbusho la Fort Jesus ameona vipande vya vyombo vya kijani vya Longquan na vile vyeupe vyenye michoro ya buluu. Hivyo vilikuwa vyombo vya biashara, vilivyotengenezwa kwa wingi ili visafirishwe, na ndivyo hasa mnunuzi mdogo anavyoweza kuvimudu Hollywood Road. Bakuli la Longquan ukiligeuza, utaona duara la chini ambalo halikufunikwa na kioo, yaani ule mng'ao unaopakwa chombo kabla ya kuchomwa, na mahali hapo udongo umegeuka rangi ya kahawia yenye wekundu kutokana na moto wa tanuri. Rangi hiyo kwenye chombo cha kale hufifia taratibu inapokaribia ukingo wa kioo. Kwenye nakala mbaya imepakwa, na huishia ghafla kama mstari wa kalamu.

Huduma ya maduka ya kaure, kwa jumla, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Muuzaji wa kweli atakuachia chombo ukishike, atakutandikia kitambaa mezani, atakuomba uvue pete na saa, na atakuonyesha namna ya kukibeba kwa mikono miwili bila kukikamata kwenye mpini au kwenye kifuniko. Asiyekuruhusu kugusa chochote huku akisisitiza uzee wa mali yake, mshukuru na utoke. Swali ambalo wageni wengi huanza nalo ni lile la alama ya maandishi sita chini ya chombo, inayotaja utawala wa mfalme fulani, nami nawaomba wasomaji wasiipe uzito mkubwa. Wafinyanzi wa Jingdezhen wa enzi ya Kangxi, iliyoanza mwaka 1662 hadi 1722, waliandika alama za wafalme wa Ming, ukoo uliotawala China kabla ya hapo, kwenye vyombo vyao wenyewe kwa heshima ya kazi za waliotangulia, na wafinyanzi wa mji huo huo wa leo huziandika kwa sababu nyingine kabisa. Upo pia ujanja wa kuchukua kitako cha kweli chenye alama ya kweli, kilichobaki kutokana na chombo kilichovunjika, na kukiunganisha na mwili mpya. Hapo alama ni halali, kitako ni halali, na chombo ni cha juzi.

Ndiyo maana nimesema kaure si mahali pa kuweka akiba. Mwaka 2014, kwenye mnada wa Sotheby's hapa hapa Hong Kong, kikombe kidogo chenye picha za jogoo na vifaranga, cha enzi ya Chenghua katika karne ya 15, kilinunuliwa na tajiri wa Shanghai, Liu Yiqian, kwa dola za Hong Kong milioni 281.24, naye baadaye akakinywea chai, jambo lililowaudhi baadhi ya watu na kuwachekesha wengine. Habari kama hizo huwafanya wanunuzi wadogo waamini kwamba kila kikombe chenye jogoo ni tiketi ya bahati nasibu. Kwa kweli kikombe kile kilikuwa na historia ya umiliki iliyoandikwa mkono kwa mkono kutoka mkusanyaji mmoja hadi mwingine, na historia hiyo ndiyo iliyolipiwa kwa sehemu kubwa. Mimi hununua sahani ndogo za buluu na nyeupe za karne ya 19, zile zilizochorwa haraka haraka kwa mkono, zenye ukingo uliopukutika kidogo, kwa kuwa ufa unaoonekana hupunguza bei kwa haki na hakuna anayejisumbua kughushi chombo chenye kasoro cha bei ndogo.

Vyombo vya makaburini ndivyo vinavyovutia macho zaidi madirishani: farasi na ngamia wa enzi ya Tang, walinzi wa udongo wa enzi ya Han, mitungi mikubwa yenye michoro ya mizunguko kutoka Gansu ambayo ina umri wa zaidi ya miaka 4,000. Bei zake huwashangaza wageni, kwani mtungi wa umri huo unaweza kuwa rahisi kuliko kabati la karne ya 19. Sababu yake haipendezi. Makaburi yalichimbwa kwa wingi, hasa miaka ya 1980 na 1990, na mali ikafurika sokoni. Sheria ya China ya mwaka 1982 ya kulinda mabaki ya kale inasema kwamba vilivyomo ardhini ni mali ya taifa, lakini Hong Kong ni bandari huru yenye sheria zake, haitozi ushuru wa forodha kwenye vitu hivi, na kilichoshavuka mpaka huuzwa dukani bila kificho.

Katika duka moja nililoingia, farasi wa rangi tatu alikuwa amewekwa juu ya meza akiwa na cheti cha maabara kando yake, na muuzaji alianza na cheti kabla ya kuanza na farasi. Cheti kilikuwa cha kipimo cha thermoluminesensi, ambacho hupima mwanga unaotolewa na chembe za madini ndani ya udongo zinapopashwa moto, na kutokana na mwanga huo hukadiria ni muda gani umepita tangu udongo ulipochomwa mara ya mwisho. Ni kipimo cha kuaminika katika kazi yake. Niliomba tochi nikamgeuza farasi kwa msaada wa muuzaji, na chini ya tumbo na ndani ya mguu mmoja nikakuta vitundu viwili vidogo, vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti, mahali ambapo maabara ilikuwa imetoboa na kuchukua unga wake. Sasa, kipimo kinasema umri wa udongo pale palipotobolewa. Hakisemi lolote kuhusu kichwa, mkia na miguu mingine, na waghushi wanajua vizuri maabara hupenda kutoboa wapi, hivyo wapo wanaojenga farasi mpya kuzunguka kipande cha tofali la kaburi la kale. Tena picha iliyobandikwa kwenye cheti ilionyesha farasi mwenye doa la kijani shingoni, na doa hilo kwenye farasi aliyekuwa mbele yangu lilikuwa mahali pengine kidogo. Nilimwonyesha muuzaji. Alisema ni mwanga wa kamera.

Hata kama farasi angekuwa wa kweli kuanzia kwato hadi masikio, cheti kisingesema alitokaje kaburini, na swali hilo ndilo linalozidi kuwa na gharama kwa wasomaji wanaoishi ng'ambo. Marekani ilikubaliana na China mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa mabaki ya kale kuanzia zama za mawe hadi mwisho wa enzi ya Tang, yaani mwaka 907, yale ambayo hayana karatasi za kuonyesha yalitoka kwa halali, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai leseni ya kuingiza mabaki ya kiakiolojia yenye zaidi ya miaka 250. Mswahili wa Minneapolis au wa Hamburg anayenunua farasi kama huyo anaweza kumwona akibaki mikononi mwa forodha, na risiti ya duka haitamsaidia.

Vyombo vya ibada vinahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa ndivyo wanunuzi wengi wanavyovichukua kama pambo. Kwenye maduka ya mtaa huu utaona vichwa vya Budha vya mawe vilivyowekwa juu ya vyuma vyeusi vyenye taa ya chini, na mpangilio huo ni mzuri kiasi kwamba jicho husahau kuuliza mwili uko wapi. Kichwa cha sanamu hakikuchongwa peke yake. Kimekatwa, mara nyingi kutoka kwenye ukuta wa pango au hekalu ambako shingo bado ipo. Ni hivyo hivyo kwa miguu na mikono ya sanamu za Khmer kutoka Kambodia. Mfanyabiashara mashuhuri wa sanamu hizo, Mwingereza Douglas Latchford aliyeishi Bangkok, alishtakiwa New York mwaka 2019 na akafariki mwaka uliofuata kabla kesi haijasikilizwa, na Desemba 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan likatangaza kurudisha sanamu 14 Kambodia na 2 Thailand. Ikiwa jumba lenye wataalamu na mawakili limelazimika kurudisha, mnunuzi wa sebuleni hana hoja ya kujitetea.

Kilichonigusa zaidi si vichwa vya mawe, ni sanamu ndogo za mbao za mkoa wa Hunan, zenye urefu wa shubiri moja au zaidi kidogo, ambazo familia ziliziweka kwenye madhabahu ya nyumbani kwa ajili ya miungu, walimu wa dini na wazee waliofariki. Nyuma ya mgongo kuna kimlango kidogo cha mbao. Mwenye duka mmoja alinifungulia kwa ncha ya kisu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa nyembamba kama kidole, pamoja na majani makavu ya dawa yaliyopukutika mezani. Kwenye karatasi, alinieleza, huandikwa siku sanamu ilipowekwa wakfu, jina la aliyeitoa, watu wa nyumba yake, na kijiji chao. Kwa mkusanyaji hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu ni nadra kitu cha kale kujitaja umri wake chenyewe kwa siku na mwezi. Lakini karatasi hiyo hiyo inakutajia mwenye mali na mahali anapoishi. Ukishaisomewa, huwezi tena kusema kwamba sanamu haina kwao. Wapo wauzaji wanaouza sanamu bila karatasi, na wengine huuza karatasi peke yake.

Wasomaji wa Kilifi na Malindi hawahitaji kuelezwa zaidi, maana wameishi na habari ya vigango, nguzo za ukumbusho za Wamijikenda zilizoibwa zikauzwa Marekani kama sanaa ya Kiafrika, na ambazo zimekuwa zikirudi kidogo kidogo tangu mwaka 2007. Nilimwuliza yule mwenye duka wa sanamu za Hunan kama watu wa vijiji hivyo huja kuzitafuta. Alikunja karatasi, akairudisha mgongoni mwa sanamu, akasema kwamba wengi waliziuza wenyewe walipojenga nyumba mpya. Inawezekana. Zipo zilizouzwa kwa hiari, zipo zilizochukuliwa, na rafuni zimekaa pamoja bila chochote cha kuzitofautisha. Kwa hiyo nimeamua kutonunua hata moja, ingawa ndizo vitu vizuri kuliko vyote nilivyoonyeshwa kwenye mtaa huu.

Sasa samani, ambazo kwa maoni yangu ndizo sababu ya kuja. Tangu utafiti wa Wang Shixiang wa Beijing juu ya samani za enzi ya Ming ulipochapishwa Hong Kong mwaka 1985, matajiri wa dunia wamekuwa wakigombania mbao mbili tu: huanghuali, ya rangi ya asali, iliyotoka hasa kisiwa cha Hainan, na zitan, nyeusi yenye wekundu na nzito, iliyotoka India ya kusini. Bei zake haziko kwenye uwezo wetu, na hata hivyo sisi ndio wenye undugu nazo. Huanghuali ni ya jenasi ya Dalbergia, ambayo ndiyo ya mpingo wetu. Zitan ni ya jenasi ya Pterocarpus, pamoja na mninga na mkurungu. Undugu huo haukutusaidia sana. Miti ya Asia ilipoadimika, viwanda vya China viligeukia Afrika, mpingo ukaorodheshwa katika kiwango rasmi cha China cha mwaka 2000 cha mbao nyekundu za samani, na mkurungu wa Tanzania, Zambia na Kongo ukakatwa kwa kasi hadi ukawekwa mwaka 2019 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukiona kwenye dirisha la duka kiti cheusi kinachong'aa, chenye mtindo wa Ming na bei isiyolingana na umri huo, si ajabu kikawa kimetengenezwa juzi kwa gogo lililotoka kwetu.

Mnunuzi mdogo na aelekee kwenye samani za mikoani, zilizotengenezwa kwa mbao za kawaida: yumu, ambayo ni mbao ngumu yenye mishipa mikubwa inayotumika sana Shanxi na kaskazini kwa jumla, mjozi, na mkafuri, ambao masanduku yake hunukia hadi leo na hufukuza nondo. Makabati ya harusi ya laka nyekundu (rangi ya utomvu wa mti inayong'aa) yenye bamba la duara la shaba katikati, meza ndefu za madhabahu, stuli, viti vya mgongo wa duara: vitu hivi vilitumika na watu wa kawaida, vipo vingi vya karne ya 19, na kabati dogo zuri la yumu linaweza kukugharimu chini ya seti ya sofa ya mafundi wa Keko, Dar es Salaam, iliyotengenezwa kwa mbao mbichi. Usafiri ni hesabu nyingine, nitaufikia.

Duka lililonipa huduma bora kuliko yote lilikuwa la mzee mmoja ambaye, nilipouliza umri wa kiti, hakujibu. Alitandika blanketi sakafuni, akakilaza kiti ubavu, akanipa tochi na kwenda kuchemsha chai. Chini ya kalio palikuwa na kitambaa cha katani kilichopakwa laka nyeusi, nacho kimepasuka vipande vidogo vidogo ambavyo vilikuwa bado vimeshika mbao. Ule upau wa mbele wa kuwekea miguu ulikuwa umelika sehemu mbili, kushoto zaidi kuliko kulia, kwa kuwa binadamu haweki uzito sawa kwenye miguu yake yote miwili. Ncha za miguu ya nyuma zilikuwa nyeusi na zimeliwa na unyevu wa sakafu ya udongo, na mmoja wa mbele ulikuwa umeungwa kwa kipande kipya cha kama inchi tatu. Mzee aliporudi na chai, alikigusa kipande hicho kwa kidole kabla sijamwuliza, akasema kiliungwa na fundi wake. Kalio lenyewe la henzirani lilikuwa jipya, kama yalivyo karibu makalio yote ya viti vya namna hii, na hilo alilisema pia.

Hizo ndizo dalili ninazoziamini: uchakavu ulioko mahali ambapo mwili hupita, na usioko mahali ambapo haupiti. Katika duka jingine nilionyeshwa kabati lililochakaa sawasawa pande zote, mpaka nyuma ambako lingekuwa limeegemea ukuta kwa miaka 100, na bawaba zake zilifungwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba. Maungio nayo yanasema mengi. Fundi seremala wa China aliunganisha mbao kwa ulimi na tundu, pasipo kutegemea msumari, na mabapa ya mlango hayakugundishwa, yaliingizwa kwenye mfereji wa fremu ili mbao ipate nafasi ya kuvimba na kusinyaa. Kwa miaka mingi bapa husinyaa, na pembeni mwake hujitokeza utepe mwembamba wa mbao ambao haujawahi kupakwa laka, kwa sababu siku ya kupakwa ulikuwa umejificha ndani ya mfereji. Utepe huo ukiuona, tabasamu moyoni na uendelee kuongea bei kwa uso mkavu. Muulize pia muuzaji ni sehemu gani zimebadilishwa, na kama sehemu ya juu na ya chini zilizaliwa pamoja, maana kuna makabati mengi yaliyoozeshwa dukani. Mjini Zhongshan, ng'ambo ya mlango wa mto, mafundi hutengeneza samani za mtindo wa kale kwa ustadi mkubwa, wakitumia wakati mwingine mbao za kale kabisa za nyumba zilizobomolewa. Ni kazi nzuri, ila isiuzwe kwa bei ya babu yake.

Kuhusu kupatana bei, mtaa huu ni mpole. Punguzo lipo, huombwa kwa adabu, na hupatikana kwa urahisi zaidi ukichukua vitu viwili. Kilicho muhimu kuliko punguzo ni maandishi ya stakabadhi. Sheria ya Hong Kong ya maelezo ya bidhaa humwadhibu anayetoa maelezo ya uongo, kwa hiyo muuzaji aandike kwa mkono wake aina ya mbao, karne, matengenezo yaliyofanywa na picha ya kitu chenyewe. Ukiona amekuambia kwa mdomo kwamba ni cha enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, kisha kalamu ikaandika cha mtindo wa Qing, hapo umeshapata jibu. Dola ya Hong Kong imefungwa kwenye ya Marekani tangu mwaka 1983, kwa wastani wa 7.8 kwa 1, hivyo hesabu za kubadilisha fedha hazikusumbui.

Pembe za ndovu bado utaziona hapa na pale. Biashara yake ilipigwa marufuku kikamilifu mwisho wa mwaka 2021, isipokuwa kwa vitu vya kale vya kabla ya Julai 1925 vyenye uthibitisho, na kwa msafiri anayerudi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ushauri ni mmoja: hata kitufe usichukue.

Kusafirisha ndiko kunakoharibu hesabu za wengi. Kwa kuwa mzigo wako mwingine tayari uko Guangzhou, fikra ya kwanza ni kupeleka kabati huko na kulichanganya kwenye kontena la kuchangia, lakini usifanye hivyo. Kitu cha kale kikishaingia China bara hukutana na sheria za kutoka za huko, ambazo kwa vya kabla ya mwaka 1911 ni kali sana, na vilivyoruhusiwa kutoka zamani vilibandikwa muhuri mdogo wa nta nyekundu. Tafuta wakala wa Hong Kong kwenyewe, lipia kreti la mbao lililopigwa dawa na kugongwa alama ya kimataifa ya mbao za kufungashia, na hakikisha nyaraka za forodha zinataja fungu la 9706, ambalo ni la vitu vya kale vyenye zaidi ya miaka 100. Kama ni mbao za jamii ya Dalbergia, karatasi za CITES zitangulie mzigo. Na kabati likishafika, mkazi wa Mombasa au Tanga hana wasiwasi mkubwa kwa kuwa unyevu wa hewa yake hauko mbali na ule wa Hong Kong, bali mkazi wa Nairobi au Arusha asiliweke karibu na dirisha la jua wala asigundishe mabapa yanapoanza kulegea. Yakifungwa kwa gundi hupasuka katikati msimu wa kiangazi ukifika.